Impamba ya mwanafunzi: mizigo ya kwenda iniversite, toka wazee mpaka leo



Hapa kwetu Kiwanja, matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, mtaa mzima unajua kabla ya saa moja kupita. Zamani tulisikiliza majina kwenye redio, leo tunayatafuta kwenye simu, lakini kelele ni ile ile. Mtoto aliyefaulu anamwagiwa poda nyeupe kichwani, anazungushwa barabarani, watu wanaimba. Siku hiyo ni ya furaha tupu. Kesho yake asubuhi, poda bado iko kwenye masikio, mama anakaa kwenye kiti kidogo cha jikoni na kuuliza: «Sasa ataenda na nini?»

Swali hilo ndilo ninalotaka kulieleza katika kurasa hizi. Kuna wanaodhani ni jambo la nyumbani tu, la wamama, lisilofaa kuandikwa katika kitabu cha desturi. Mimi naona kinyume. Ukifungua mizigo ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wa miaka yoyote ile, unatambua mara moja nani anamlisha na nani ana neno juu yake. Tufuate basi mizigo hiyo toka mwanzo.

1. Impamba ya wazee

Wazee wa Bwisha walikuwa na neno ambalo mpaka leo linatumika: impamba. Ni chakula anachofungiwa mtu anayeondoka safari. Kiswahili nacho kina masurufu, tena kina posho. Posho ilijulikana toka wakati wa misafara ya wapagazi: ni sehemu ya unga ambayo mwenye msafara anampa kila mchukuzi. Baadaye Wabelgiji walilitumia neno hilo hilo kwa chakula cha wafanyakazi, hasa kule kwenye migodi ya Katanga. Tofauti na impamba ni kubwa. Posho inatolewa na mwenye kazi, impamba inatolewa na mwenye mtoto. Anayekula posho anadaiwa kazi. Anayekula impamba anadaiwa kurudi.

Ndani ya impamba hakukuwa na mambo mengi: viazi vitamu, maharagi, ndizi, na kitu cha kunywa katika kibuyu. Lakini tulifundishwa adabu yake. Msafiri hatoki nyumbani mikono mitupu, na akimkuta mwenzake njiani hali peke yake.

Mtu mwingine aliyefungiwa vitu alikuwa bibi arusi. Yeye alisindikizwa na mikeka, vikapu na vyombo, ili huko anakokwenda wasiseme ametoka kwa watu wasio na kitu. Kwa hiyo wazee wetu walijua kufunga mizigo ya aina mbili: ya msafiri anayerudi, na ya bibi arusi asiyerudi. Mwanafunzi alipokuja, alikuwa mtu wa tatu. Anaondoka kwa miaka, lakini anatazamiwa kurudi. Nadhani ndiyo maana mpaka leo tunabishana juu ya mizigo yake, kwa sababu hatujakubaliana bado kama tunamfunga kama msafiri ao kama bibi arusi.

2. Orodha ya misioni

Shule za misioni zenye kulaza wanafunzi zilileta jambo jipya: orodha iliyoandikwa kwenye karatasi. Wafaransa na Wabelgiji wanaiita «trousseau», na neno hilo katika lugha yao ni la bibi arusi pia, yaani nguo na mashuka anayokwenda nayo kwa mume. Hata wao, kumbe, walichanganya wale watu wawili.

Orodha ilisema blanketi, sahani, kijiko, kikombe, nguo mbili za kubadilisha, sabuni, na katika shule nyingi jembe ao panga kwa kazi za shamba. Hapo desturi iligeuka. Zamani jamaa ndio waliamua mtoto aende na nini. Sasa misioni iliamua, na kazi ya jamaa ikawa kutafuta. Baba aliuza mbuzi ili blanketi ipatikane. Shuleni vitu vyote vilihesabiwa, na mtoto aliyepungukiwa alijulikana mbele ya wenzake.

Lakini wamama hawakukubali kushindwa na karatasi. Kati ya nguo mbili waliingiza karanga za kukaanga, zimefungwa kitambaa. Zile karanga ndizo impamba, iliyojificha ndani ya orodha ya watu wengine.

3. Sanduku jepesi la Lovanium na UNAZA

Iniversite ya Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, Kinshasa ya leo. Ile ya Elisabethville, yaani Lubumbashi, ikafuata mwaka 1956, na ya Stanleyville, yaani Kisangani, mwaka 1963. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na diploma ya iniversite hawakufika 30 katika nchi nzima. Mtihani wa taifa wenyewe ulianza mwaka 1967. Kwa hiyo lile swali la mama, kwa nyumba nyingi za hapa kwetu, ni la baada ya miaka hiyo.

Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliziunganisha iniversite zote tatu kuwa moja, UNAZA, ikagawa masomo kwa miji. Anayetaka sheria ao uganga alikwenda Kinshasa, mwenye lugha na historia Lubumbashi, mwenye mambo ya malezi na saikolojia Kisangani, na mwenye kilimo Yangambi. Mtoto wa Rutshuru aliyetumwa Kisangani kwa barabara alipita Lubero, Butembo, Beni, Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende. Angalia ramani, utaona kwamba hakuna mama ambaye angemfuata mwanawe na ndoo ya unga.

Wala haikuhitajika. Wakati ule serikali ilitoa kitanda, ilitoa chakula katika mkahawa wa wanafunzi, ilitoa na pesa ya kila mwezi, ile «bourse». Ndiyo maana sanduku la bati la wakubwa wetu lilikuwa jepesi. Waliosoma miaka hiyo wakikuhesabia vitu vyao, hutasikia sufuria hata moja. Utasikia mashati, viatu vya kung'aa, kamusi, na koti. Toka mwaka 1972 tai na suti za kizungu zilipokatazwa, koti likawa abacost. Kufuli ya sanduku ilikuwa kubwa kuliko vitu vilivyomo. Tena wengine walikata sehemu ya bourse na kuituma nyumbani. Mizigo ilirudi nyuma: mtoto ndiye aliwafungia wazazi.

Wengi wanaukumbuka wakati huo kwa hamu, nami siwalaumu. Lakini tusisahau upande wa pili. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi waliandamana Kinshasa kudai haki zao, askari wakawapiga risasi. Miaka miwili baadaye, Juni 1971, wanafunzi wa Lovanium walipotaka kuwakumbuka wenzao waliokufa, waliingizwa jeshini kwa nguvu. Kitanda kilikuwa cha serikali, chakula cha serikali, na mwenye kukilaza na kukulisha alitaka na mdomo wako pia. Ilikuwa posho, haikuwa impamba.

4. Sufuria inaingia

Mwaka 1981 UNAZA iligawanyika tena kuwa iniversite tatu. Nchi ilikuwa imeanza kuchoka. Pesa ilipoteza nguvu, mikahawa ya wanafunzi ikafifia na kufungwa, bourse ikachelewa mpaka ikasahaulika. Wakati huo huo masomo ya juu yalisogea karibu nasi. ULPGL ilianza Goma mwaka 1985, iniversite ya Wakatoliki ya Graben ikaanza Butembo mwaka 1989, na mwaka 1993 tawi la iniversite ya Kisangani likafunguliwa Goma, ambalo mwaka 2004 likajitegemea na kuwa Iniversite ya Goma.

Basi mwanafunzi wetu hakwenda tena mbali sana, lakini hapakuwa tena mtu wa kumpikia. Alikwenda kukodi chumba mjini pamoja na wenzake wawili ao watatu, chumba cha mbao juu ya mawe ya volkano. Ndipo sufuria iliingia kwenye mizigo, na toka siku ile haijatoka.

Orodha mpya hakuiandika mtu, lakini kila mama wa Kiwanja anaijua kwa moyo. Matela, tena nyembamba ili ikunjike. Blanketi moja, mbili kama anakwenda Butembo, maana kule baridi haina mchezo. Shuka ya rangi, si nyeupe, kwa sababu mavumbi meusi ya Goma hayatoki. Chandarua. Sufuria mbili, moja ya bugali na moja ya mboga. Mbabula na mfuko wa makala. Bidoni mbili za lita 20, maana Goma iko kando ya ziwa lakini bomba linakauka, na asiye na bidoni yake anangoja ya mwingine. Unga wa mahindi na wa muhogo, maharagi, chumvi, mafuta ya ngazi, na samaki wa kukausha kutoka Vitshumbi kama jamaa inajiweza. Kaye, biki, tochi, pasi.

Watu wa mjini wanacheka wakiona kijana anashuka na mfuko wa maharagi. Hawajui hesabu yake. Maharagi ya shamba letu tumeyalipia kwa jasho, yale ya sokoni Goma yanataka pesa. Na mfuko ule si chakula tu. Siku minervali inadaiwa, ao mwalimu anataka silabusi inunuliwe, nusu ya mfuko inauzwa kwa jirani. Maharagi yamelipa diploma nyingi hapa kwetu kuliko benki.

Mizigo hiyo ilisafirishwaje? Toka nyumbani ilipanda chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, mpaka kwenye kituo cha magari. Pale ilitupwa juu ya gari la mizigo pamoja na ndizi na mbuzi, na mwanafunzi juu yake, kupitia Rubare, Rumangabo, Rugari na Kibumba, kilomita kama 70 mpaka Goma.

5. Baraza la mizigo

Nani anaamua? Nitasema jinsi ilivyokuwa kwangu mwaka 2001, kwa sababu najua nyumba nyingi zilifanya vile vile.

Tulikaa jioni tatu. Jioni ya kwanza baba alisema nisibebe kitu: «Kule iko muji, kila kitu iko.» Mama akamjibu: «Iko, lakini ya nani?» Maneno yakaishia hapo. Jioni ya pili alikuja shangazi na mkeka wake mpya chini ya kwapa. Alisema: «Mutoto asiende mikono mitupu, batasema hana kwabo.» Baba mdogo alileta taa ya petroli. Jirani, ambaye hata si wa kabila letu, alileta nusu ndoo ya maharagi na kusema kwamba mwanawe naye atafuata mwaka unaokuja, nimwekee nafasi. Jioni ya tatu ilikuwa ya kutoa. Vitu vilikuwa vingi kuliko gari, na kila kilichotolewa kilikuwa na mwenyewe amekaa pale anaangalia. Mkeka wa shangazi haukuweza kutolewa. Pasi ya makaa ilitolewa, kisha usiku mtu akairudisha.

Kwa nje unaweza kusema ni fujo. Lakini baraza hilo lilikuwa na kazi yake. Kila aliyeweka kitu aliweka na jicho. Nilipotaka kulegea mwezi wa pili, nilikumbuka nusu ndoo ya jirani. Ni deni lisiloandikwa, na mwanafunzi anaondoka akijua hesabu yake.

Mwishoni mama alitoa kitu chake. Alikuwa amekata mfuko wa plastiki na kuushona kama pochi yenye kamba. Ndani aliingiza diploma yangu, buleteni, cheti cha kuzaliwa na picha. Akasema isikae ndani ya sanduku hata siku moja. Itundikwe kwenye msumari karibu na mlango. Niliona haya. Wenzangu watasema ni mkoba wa mganga.

6. Mizigo ya masomo na mizigo ya kukimbia

Alhamisi tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka na lava ikaingia Goma. Tulikimbilia Gisenyi pamoja na mji mzima. Niliporudi, pale palipokuwa chumba chetu palikuwa jiwe jeusi, bado linatoa moshi. Matela, sufuria, maharagi ya jirani, mkeka wa shangazi, kaye zote, vyote vilikuwa chini. Pochi ilikuwa shingoni mwangu. Niliivuta kwenye msumari wakati wa kutoka, bila kufikiri. Nilipofika Kiwanja siku chache baadaye, mama hakuuliza matela iko wapi. Alitazama shingo kwanza.

Hapo nilielewa kwamba wazazi wetu walikuwa wanafunga mizigo miwili kwa mkono mmoja. Mzigo wa masomo unafungwa kwa jioni tatu. Mzigo wa kukimbia unafungwa kwa dakika tano. Mama alikuwa ameuingiza mmoja ndani ya mwingine.

Wakaaji wa Kiwanja hawahitaji kuelezwa. Tarehe 4 na 5 Novemba 2008 watu wasiopungua 150 waliuawa hapa kwetu, kulingana na uchunguzi wa watetezi wa haki za binadamu. Nyumba zilibaki wazi, vitu vikachukuliwa. Wazazi waliokuwa wamezihifadhi diploma za watoto ndani ya sanduku zuri, lenye kufuli, walizikosa pamoja na sanduku, kwa sababu sanduku lenye kufuli ndilo lililobebwa kwanza. Kupata tena diploma iliyopotea ni safari ya barua hadi Kinshasa, miezi na miaka. Kuna vijana walioacha masomo hapo, si kwa kukosa akili.

Vita vilirudi Kiwanja mwezi wa Julai 2012, vikarudi tena Oktoba 2022. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka mara nyingine, lava ikakata barabara yetu ya Goma, na tarehe 27 sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilifika Goma kwenyewe, benki zikafungwa, na wanafunzi waliozoea kutumiwa pesa kwa simu walikuta simu ina pesa lakini hakuna noti za kuitoa. Siku hizo aliyekuwa na maharagi chini ya kitanda alikula, na alimpa mwenzake. Wale waliosema impamba imepitwa na wakati walinyamaza kidogo.

7. Ya kushika na ya kuacha

Baada ya kufuata njia hii yote, naomba niseme mambo manne kwa wazazi na vijana wetu.

Kwanza, tusiwalaumu watoto wa leo kwamba wanabeba vitu vingi kuliko wakubwa wao. Mzigo haukuzaliwa nao. Serikali ilikuwa imeubeba upande mmoja, ikautua. Mama akauokota. Tunapolinganisha sanduku la 1975 na mifuko ya leo, tukumbuke hilo kabla ya kucheka.

Pili, karatasi. Zisikae ndani ya sanduku. Kopi zibaki nyumbani kwa mtu wa kuaminika na nyingine kwa jamaa wa mji mwingine. Siku hizi simu inapiga picha: picha ya diploma itumwe kwa watu wawili watatu. Lakini orijinali ina msumari wake karibu na mlango.

Tatu, mabinti. Bado nasikia katika nyumba fulani: «Huyu tutamufungia siku ya ndoa, sasa aende na kidogo.» Kijana anapewa matela, dada yake anaambiwa atalala na mwenzake. Hayo ni makosa ya kuchanganya msafiri na bibi arusi, niliyoyataja mwanzoni. Msichana anayekwenda bila sufuria yake na bila unga wake anakwenda kuomba, na katika mji, anayeombwa na msichana mara nyingi ana bei yake. Tukijua hilo, mfuko wake ndio ungefungwa wa kwanza.

Nne, baraza lisife. Ni kweli, pesa ya simu ni rahisi: baba anabonyeza, mtoto ananunua matela hukohuko, wala chukudu haihitajiki. Sikatai. Lakini anayetumiwa pesa na mtu mmoja ana deni kwa mtu mmoja. Hata kama vitu ni vichache, watu waitwe, shangazi alete mkeka wake hata kama hautatumika. Na pasiwe na mashindano. Mzazi asiuze shamba ili mizigo ya mwanawe ipendeze kituoni. Nusu ndoo ya maharagi inatosha kumfanya jirani kuwa mzazi.

Nilimaliza masomo yangu kwa kuchelewa, juu ya mkeka wa kuazima. Mwaka uliofuata mtoto wa jirani alikuja kweli Goma, na nafasi nilikuwa nimemwekea. Alikuja na sufuria mbili, bidoni moja, na pochi ya plastiki yenye kamba. Nilimuuliza nani amemshonea. Akasema: «Mama yako.»